Gunia, Tagi na Ufunguo: Usalama wa Saini za Kidijitali

Mhadhara uliotolewa Kindu, Maniema



Naanza na gunia. Kasiterite, yaani madini ya bati, inapotoka shimoni, upande wa Kalima, Punia au Kailo, hutiwa guniani, hupimwa, na mdomo wa gunia hufungwa kwa tagi ya plastiki yenye namba yake peke yake. Wakala wa serikali huandika daftarini namba ile, uzito na tarehe. Gunia likifika kwa mnunuzi, mzigo ukasafishwa, hupata tagi ya pili na mstari wa pili katika daftari jingine. Kisha linasafiri hadi ng'ambo, hadi kwenye tanuri za bati za Malaysia na Thailand. Huko, mtu asiyejua Kindu iko wapi hutazama namba na kuamini kwamba pesa za mzigo ule hazikununua risasi.

Wengi humu mnakumbuka tulivyofika hapo. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kikazitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani. Septemba ya mwaka uleule Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Maniema na Kivu zote mbili, na marufuku hiyo ikadumu hadi Machi 2011. Mfumo wa tagi unaoitwa ITSCI, ulioanzishwa na vyama vya viwanda vya bati na tantali, ndio uliowafungulia wachimbaji wetu mlango wa soko tena. Kwa hiyo siidharau tagi. Imelisha watoto wengi mkoani humu. Naomba tu tuitazame kwa macho ya mtu anayetaka kuighushi.

Tagi ni saini. Inasema: mtu mwenye mamlaka ameshuhudia kwamba mzigo huu, wa uzito huu, umetoka shimo hili. Lakini plastiki haijui kilichomo guniani. Tagi ikiwa bado mfukoni mwa wakala, haijafunga gunia lolote, tayari ina nguvu zake zote; atakayeipata ataifunga gunia analotaka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika zaidi ya mara moja juu ya tagi zinazouzwa na kununuliwa. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti likidai kwamba madini ya mahali pengine yalikuwa yakivishwa tagi za migodi iliyoidhinishwa, ITSCI ikakanusha. Sikuja kuamua kesi hiyo. Nataka tu tuone ufa wenyewe ulipo: kati ya saini na kitu kinachosainiwa hakuna kinachovishikanisha isipokuwa uaminifu wa mkono mmoja.

Kashe ya ofisini, yaani mhuri, ina ufa uleule. Nayo saini ya kalamu pia: ni ileile kwenye cheti cha ndoa, kwenye hati ya kiwanja na kwenye risiti ya sementi. Atakayeinakili mara moja ameinakili kwa barua zote. Siku hizi naona watu wakipiga picha saini zao, wakaibandika picha ile chini ya barua kwenye kompyuta, na kuiita saini ya kidijitali. Hapo nasema bila kuficha: hiyo ni hatari kuliko kalamu. Kalamu angalau ilihitaji mkono wenye ustadi. Picha inahitaji vidole viwili vya kunakili na kubandika.

Saini ya kidijitali ya kweli hubadilika kila barua inapobadilika. Ukigeuza herufi moja, ukiandika kilo 80 badala ya kilo 50, saini ya zamani haikubali tena. Wazo hili lilitangazwa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman, na mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakapata njia ya kulitekeleza, ambayo hadi leo inaitwa RSA kwa herufi za majina yao. Kila mtu ana funguo mbili. Mmoja ni wa siri, na ndio unaosaini. Wa pili ni wa wazi, hata ukibandikwa ukutani pale stesheni ya treni haidhuru, na kazi yake ni kukagua tu.

Kabla ya kuendelea, tutofautishe jambo hili na jumbe na namba za siri tulizozizoea katika simu. Ndugu yangu aliwahi kuuza mbuzi wawili, mnunuzi akamwonyesha kwenye simu ujumbe wa kuthibitisha kwamba pesa zimetumwa. Ujumbe ulikuwa umeandikwa vizuri, na jina na kiasi na saa. Mbuzi wakaondoka, pesa hazikuja. Ujumbe ule ulikuwa maandishi tu, hakuna aliyeusaini. Hata pale ambapo namba ya siri inatumika kwa uaminifu, wewe unaijua na mashine ya upande wa pili inaweza kuitambua. Mkigombana mbele ya hakimu, kila mmoja anaweza kusema ni mwenzake aliyeandika. Ufunguo wa siri wa saini uko kwa mtu mmoja tu, na hakimu, mnunuzi, au mgeni wa Malaysia anakagua kwa ufunguo wa wazi bila kuhitaji siri ya mtu yeyote. Kwa gunia linalopita mikononi mwa watu kumi wasiojuana, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Sasa tuandike ubaoni. Chukueni kalamu, hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa sekondari.

Tuna wakala wetu. Ufunguo wake wa wazi ni namba mbili, 55 na 3. Ufunguo wake wa siri ni 27. Leo amehesabu magunia 2 na anataka kuisaini namba hiyo. Anachukua 2, anaizidisha kwa yenyewe hadi zitimie mbili ishirini na saba, anagawanya kwa 55 na kutunza baki. Baki ni 18. Anatuma barua: "magunia 2, saini 18." Mkaguzi hajui 27. Kwa kuwa ufunguo wa wazi una 3, anachukua 18 mara 18 mara 18, anapata 5,832. Anatoa 55 mara 106, yaani 5,830. Baki ni 2. Saini ni halali.

Kesho wakala anasaini magunia 3. Kwa njia ileile anapata 42. Kagueni wenyewe: 42 mara 42 mara 42 ni 74,088, toeni 55 mara 1,347, yaani 74,085, baki 3. Safi.

Usiku anakuja mwizi. Hana 27, wala haitafuti. Anachukua saini mbili alizoziona, 18 na 42, anazizidisha: 756. Anagawanya kwa 55, anabaki na 41. Kisha anaandika barua yake: "magunia 6, saini 41." Mkaguzi anahesabu 41 mara 41 mara 41, anapata 68,921, anatoa 55 mara 1,253, yaani 68,915, baki ni 6. Saini ni halali kabisa, na wakala hakuwahi kuandika neno sita maishani mwake.

Tulieni kidogo hapa, maana ndipo penye kiini cha mambo. Mtasema: namba 55 ni ndogo, kila mtu anajua ni 5 mara 11, na anayezijua namba tasa hizo mbili atapata 27 kwa hesabu ya dakika chache. Kweli. Katika matumizi halisi badala ya 55 huwekwa namba yenye tarakimu 617, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha hadharani kwamba ameivunja namba ya urefu huo iliyochaguliwa vizuri. Lakini mwizi wetu hakuvunja chochote! Ujanja wake wa kuzidisha saini mbili unafanya kazi kwenye tarakimu 617 sawasawa na kwenye 55. Na iko njia rahisi zaidi: achague saini kwanza, tuseme 4, aikague kama mkaguzi, 4 mara 4 mara 4 ni 64, baki 9. Ana saini ya magunia 9, naye hakuona hata barua moja ya wakala. Ufunguo ni imara, kufuli ni imara, na mlango uko wazi.

Ndiyo maana swali la usalama lilihitaji kuulizwa upya. Walioliuliza vizuri ni Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Ron Rivest yuleyule, katika kazi waliyoanza kuitoa mwaka 1984 na kuichapisha kikamilifu mwaka 1988. Walisema: tusimpime mghushi dhaifu, tumpime mghushi aliyependelewa. Mpeni ufunguo wa wazi. Mkalisheni mezani na mwenye saini, amwombe asaini barua yoyote anayotaka, leo, kesho, maelfu ya barua, na kila akipata jibu alitumie kuchagua swali linalofuata. Mwishoni alete barua moja tu ambayo haikuwahi kusainiwa, yenye saini inayokubalika. Si lazima barua iwe na maana. Hata ikiwa upuuzi mtupu, amewashinda. Mfumo uitwe salama pale tu ambapo mghushi wa namna hiyo, akiwa na kompyuta za dunia na muda wa kibinadamu, nafasi yake ya kushinda ni ndogo kiasi cha kutohesabika.

Kwa nini wakali hivyo? Kwa nini tujali barua isiyo na maana? Kwa sababu anayetunga mfumo hajui watu watausainisha nini. Kwetu namba 6 inaweza kuwa upuuzi, kwa mnunuzi ni magunia sita. Na mghushi aliyeketi mezani na mwenye saini si mtu wa kubuni. Wakala husaini kila kinacholetwa mbele yake siku nzima. Anayekileta ndiye anayechagua cha kuleta. Mimi nikisoma fasili ile ya mwaka 1988 naiona mizani ya Kalima, foleni yake, na kijana mwerevu anayerudi mara ya tatu na mzigo mdogo.

Dawa ya ujanja wa kuzidisha ilipatikana katika muhtasari. Kabla ya kusaini, barua nzima hupitishwa katika hesabu inayoisaga na kutoa namba yenye urefu mmoja daima, iwe barua ya mstari mmoja au kitabu. Hesabu iitwayo SHA-256 hutoa muhtasari wa herufi na tarakimu 64. Geuza nukta moja kwenye barua, muhtasari wote unageuka. Mwenye saini husaini muhtasari, si barua. Sasa mwizi akizidisha saini mbili atapata saini ya namba fulani, lakini hajui barua ambayo muhtasari wake ni namba hiyo, na kuitafuta ni kazi isiyokwisha.

Ila angalieni: tumehamishia mzigo wote kwenye muhtasari. Siku zikipatikana barua mbili zenye muhtasari mmoja, saini ya hii ni saini ya ile, na tumerudi kwenye tagi iliyo mfukoni. Hilo limetokea. Muhtasari wa MD5 ulivunjwa na Wang Xiaoyun na wenzake mwaka 2004, na mwaka 2008 watafiti wakautumia kutengeneza cheti bandia ambacho vivinjari vya dunia nzima vilikiamini. SHA-1 ilifuata Februari 2017, pale Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam zilipoonyesha faili mbili tofauti zenye muhtasari mmoja.

Kuna njia nyingine ya saini, ambayo badala ya namba tasa mbili hutegemea ugumu wa hesabu za mizingo. Inaitwa ECDSA na imeenea sana, kwa kuwa funguo zake ni fupi. Kila ikisaini huhitaji namba moja ya nasibu, ya siri, ya kutumika mara moja na kutupwa. Sitawachosha na kanuni yake. Jueni hili tu: kila saini ni mlinganyo mmoja wenye visivyojulikana viwili, ufunguo wa siri na namba ile ya nasibu. Mlinganyo mmoja, visivyojulikana viwili: hautatuliki. Namba ya nasibu ikirudiwa, mghushi ana milinganyo miwili na visivyojulikana viwili vilevile. Anatoa mmoja katika mwingine, na ufunguo wa siri unadondoka kwenye karatasi. Desemba 2010, katika mkutano mjini Berlin, kikundi kilichojiita fail0verflow kilieleza kwamba kampuni ya Sony ilikuwa ikitumia namba ileile kila iliposaini programu za mashine yake ya michezo, PlayStation 3. Kampuni yenye wahandisi wa kila aina ilipoteza ufunguo kwa hesabu ambayo mwalimu wa sekondari hapa Kindu huitoa kama zoezi la nyumbani.

Mkaguzi naye anaweza kukosea. Aprili 2022 iligundulika kwamba matoleo kadhaa ya Java, kuanzia la 15, yalikubali saini ya ECDSA ambayo namba zake zote mbili ni sifuri, kwa barua yoyote na ufunguo wowote. Mistari ya kukagua kwamba namba hizo si sifuri ilikuwa imeachwa programu ilipoandikwa upya. Ni sawa na mlinzi wa bandari anayelipitisha gunia kwa sababu amesoma tagi isiyo na kitu na hakuona kosa ndani yake.

Nchi nzima pia imewahi kutetereka. Estonia, ambayo raia wake husaini mikataba kwa kadi ya kitambulisho, iliambiwa mwaka 2017 na watafiti, wakiwamo wa chuo kikuu cha Masaryk huko Brno, kwamba chipu za kadi zake zilizalisha namba tasa kwa mtindo unaotabirika. Kadi zilizohusika zilikuwa zaidi ya 700,000. Mapema Novemba serikali ilisimamisha vyeti vya kadi hizo mpaka vihuishwe. Naiheshimu serikali ile kwa sababu ilisema wazi na ilifunga. Ndipo najiuliza sisi tungefanya nini, na tungemwambia nani.

Swali hilo si la mbali. Kanuni ya Kidijitali ya nchi yetu, ile sheria-amri namba 23/010 ya 13 Machi 2023, imeipa saini ya kielektroniki nafasi mbele ya sheria na kuweka masharti ya watoa huduma za uaminifu. Yaani ipo siku wakala wa Punia atasaini gunia kwa simu, na hakimu wa Kindu atatakiwa kuikubali. Na saini inayotangazwa leo kuwa salama itabidi izeeke vizuri. Tayari mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikijengwa kubwa ya kutosha, itavunja RSA na ECDSA pamoja. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vipya vya saini zinazokusudiwa kuihimili. Nchi inayoanza sasa ina heri ya kuanza na hivyo.

Kabla hatujashangilia, niwaambie hesabu hizi haziwezi nini. Saini ya kidijitali inafunga barua kwa ufunguo. Haifungi barua kwa ukweli. Wakala akiandika "Kalima" juu ya mzigo alioletewa usiku kutoka msituni, saini itakuwa halali kabisa. Kilichobadilika ni kwamba hawezi tena kuuza saini tupu mfukoni, wala kusema si yeye. Uongo wake una jina, uzito na tarehe. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa, na ninalitaka kwa moyo wote, lakini anayewauzia mitambo na kuwaahidi zaidi ya hapo msimpe pesa za mkoa.

Mama mmoja aliniuliza tulipokuwa tukipanga viti: na simu ikianguka mtoni? Swali hili ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wahandisi. Ikianguka Lualabani katikati ya kuvuka, ufunguo umepotea lakini haukuibwa. Wakala atapewa mwingine, na magunia aliyosaini jana yanabaki halali. Ikiibwa ng'ambo ya mto, Alunguli, mwizi anaweza kusaini usiku huo huo na kuandika tarehe ya wiki iliyopita. Kuutangaza ufunguo kuwa umekufa hakutoshi. Mkaguzi atajuaje gunia lipi lilisainiwa kabla ya wizi na lipi baadaye, ikiwa tarehe iliandikwa na simu yenyewe?

Stuart Haber na Scott Stornetta walilijibu swali hilo mwaka 1991: muhtasari wa kila hati ufungwe na wa zilizotangulia kama mnyororo. Baadaye wakayaweka matokeo mahali pa hadhara ambapo hakuna anayeweza kuyafuta. Kuanzia mwaka 1995 kampuni yao ilichapisha muhtasari kila wiki katika matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Gazeti likishauzwa mitaani, nani atarudi kulibadilisha?

Hapa Kindu gazeti la kila siku hatuna, lakini redio tunayo, na inafika pale ambapo mtandao haufiki. Saini za siku nzima, za mashimo yote ya mkoa, zinaweza kusagwa jioni kuwa muhtasari mmoja, wenye wa jana ndani yake. Herufi na tarakimu 64, mtangazaji akizisoma polepole na kuzirudia, hazifiki dakika tatu. Mnunuzi wa Kalima aandike daftarini mwake, karani wa bandari aandike, mwalimu wa Kasongo awaandikishe wanafunzi ubaoni. Mwizi atakapoandika tarehe ya wiki iliyopita, itabidi kwanza azipitie nyumba zile moja moja na kuyakusanya madaftari.